Mche wa Sita Bado Umefunikwa

Mwanangu Velonika,

Salamu niziruke, maana tumeamkiana leo asubuhi jikoni, na mpaka unatoka na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako Igowole nilikuwa bado nakusikia ukimbishia kuhusu sufuria. Yeye anataka uondoke na mbili, wewe unataka moja. Mimi nakujua mama yako, utaondoka na tatu. Mambo ya sufuria, chandarua, blanketi na basi la saa ngapi nimemwachia yeye. Mimi nimebaki hapa uani na kigoda changu, kalamu ya kuazima, na daftari lako la zamani la biolojia, ambalo nakuta lina kurasa tupu nyingi kuliko ulivyonifanya niamini.

Nimetaka kukuandikia tangu juzi. Juzi nilitoka kumkamua Pendo, nikapita karibu na mpichi wa kona ya zizi, nikaona ua. Moja tu, la pinki, kwenye kijiti ambacho ungekikuta jikoni ungedhani ni kuni. Jana yakawa kama kumi. Leo nyuki wamefika. Mama yako alipoona akasema, "Aa, baridi imeisha, asante Mungu," akatoa makoti yote kuyaanika juani. Mimi langu sikulivua. Mpichi ule ukichanua huwa sina raha, na wewe hujawahi kuniuliza kwa nini. Nadhani ulifikiri ni uzee.

Tangu mmeondoka nimezunguka uwanja mara tatu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mboga ya chainizi ya nyuma ya jiko imerefuka ghafla na kutoa maua ya njano, haifai tena kuliwa. Kuku mwekundu ameanza kutaga, nimeokota mayai mawili kwenye kuni. Kule mlima wa pili, walikochoma nyasi kuzuia moto usiingie kwenye miti ya misindano, pameanza kuwa kijani, na yale maua madogo mekundu yanayotoka kwenye majivu kabla ya majani yameshatokea. Maji ya Pendo leo hayakuwa na ile ngozi ya barafu uliyokuwa ukiivunja kwa kidole ukiwa mdogo na kuila, hata nilipokukataza. Mbayuwayu wawili wamekuja kukagua udongo wao wa mwaka jana chini ya paa la ghala. Kila nilichokiona kinasema joto linakuja. Nimekiangalia kila kimoja na sikukiamini hata kimoja.

Na kule bustanini, chini ya nyumba, ipo miche sita ya parachichi, kila mmoja na kofia yake ya nyasi. Kofia hizo unazijua, tulizifunga wote mwezi wa sita vidole vikiwa vimekufa ganzi: vijiti vitatu, nyasi kavu, kamba ya mgomba juu. Bila kofia, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huunguza mche mchanga ukawa mweusi kama umepitiwa na moto. Lakini kofia lazima itolewe siku moja. Siku gani, ndipo penye kazi. Mimi nimekosea siku hiyo mara mbili, na si kwa miche peke yake. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mara ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuambia kaka yako Festo amekwenda Usangu kulima, amepapenda, amebaki. Ni kweli, lakini ni nusu. Kesho jioni Festo ndiye atakayekupokea Rujewa, hukohuko Usangu, na wewe ulivyo mwulizaji, hamtafika hata nyumbani kwake hujamuuliza. Atakujibu. Nataka uwe umesikia kwangu kwanza.

Mwaka ule mpichi ulichanua mapema, kama huu. Nilikuwa nimepanda miche sitini, ile ya kubebeshwa, inayozaa mapema, hakuna mtu kijijini aliyekuwa na mingi hivyo, na nilikuwa natembea kifua mbele. Nilipoona maua nikatoa kofia zote siku moja. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito akapita, akasimama njiani.

"Kamwene, Baba Festo. Mbona umevua miti nguo?"

"Kamwene. Joto limefika, huoni mpichi?"

"Mpichi ni mgeni huo, haujui baridi ya kwetu."

Nilicheka mpaka akaondoka.

Wiki hiyohiyo nikamwambia Festo aondoke. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, anashinda nyumbani akifungua redio za watu na kuzifunga tena. Nilimwambia wakati wa kula. "Mwanaume wa miaka kumi na saba unangoja nini hapa? Wenzako wanashuka Usangu, wanalima, wanarudi wamekuwa watu." Akasema, "Baba, si niende hata kwa fundi Mafinga, nijifunze kwanza?" Nikasema fundi gani. Mama yako alikuwa bado amesimama na mwiko. "Huko kuna mbu, Baba Festo. Huyu mtoto hajaumwa malaria hata siku moja." Nikamjibu kwamba anamlea kama yai. Festo aliondoka Jumatatu na begi la shule. Hakuwa na chandarua. Sasa unajua kwa nini mama yako amekufungia viwili.

Wiki ya pili akapiga simu. Aliponipata nilikuwa shambani. Anga lilikuwa jeupe, hakuna wingu hata moja, na kwa anga la namna hiyo mtu wa huku anajua kitakachokuja alfajiri. Nilikuwa nimeshajua kwamba nimekosea. Nilikuwa nakata nyasi kwa fujo nijaribu kufunika miche sitini kabla jua halijazama.

"Baba, naumwa. Kichwa, na baridi, natetemeka. Nataka nirudi."

Nikamwambia, "Jikaze. Kila mtu akifika mahali pageni anaumwa. Na mimi hapa nina kazi."

Nina kazi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanangu, Velonika. Nikakata simu, nikaendelea na nyasi.

Alfajiri sakitu ilipiga. Nilikuwa nimefunika miche ishirini na kitu, mingine yote saa mbili asubuhi ilikuwa myeusi. Nilikuwa bado nimesimama katikati yake simu ikaita tena, namba nisiyoijua. Mama mtu mzima, kwa lafudhi ya Kisukuma.

"Ni baba yake Festo? Mimi Mama Kulwa. Huyu mtoto wako vijana wangu wamemkuta kwenye kibanda cha shamba, hajitambui. Tumempeleka zahanati na mkokoteni wa ng'ombe. Sasa amekunywa uji, kidogo. Nimekupigia tu ujue, usije ukashinda na mawazo."

Nilikuwa na mawazo kweli, ila yalikuwa ya parachichi.

Nikamwambia Mama Kulwa nakuja. Halafu sikwenda. Siku ya kwanza nilisema naokoa miche iliyobaki. Siku ya pili nikasema basi limeshapita. Ukweli ni kwamba niliona aibu kwenda kumtazama yule mtoto machoni. Alikwenda mama yako, peke yake, mtu ambaye alikuwa hajawahi kufika hata Makambako. Alikaa siku tisa, akarudi bila Festo. Nikamuuliza yuko wapi. Alivua kandambili akaziweka mlangoni, moja, halafu nyingine. "Amepona. Kasema anabaki kwa hao waliomwona." Hajanisema kwa jambo hilo mpaka leo, na mara nyingi nimetamani anigombeze yaishe.

Ndiyo maana Festo humpigia mama yako kila Jumapili baada ya ibada na simu haifiki kwangu. Uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la saba, nikakwambia mtandao wa kule unasumbua. Kijiji kizima kinaniita Baba Festo, kuanzia katekista mpaka watoto wa shule ya msingi, na kila wakiniita naitika.

Hilo ni la Festo. Lako ndilo gumu zaidi kuliandika, na hapa nimeshasimama mara mbili kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hana shida yoyote.

Baada ya mwaka ule nilipanda tena, miche ishirini, na nikaapa sitarudia. Mpichi ukachanua, sikufunua. Nyuki wakaja, sikufunua. Mwezi wa kumi, watu wanatembea mikono wazi kwa joto, mama yako akanyanyua kofia moja akachungulia. "Baba Festo, hii miti umeipika." Majani yalikuwa ya njano, na vishina vimerefuka vyembamba, vimepinda kuelekea kwenye upenyo mdogo wa mwanga. Ule mparachichi wa karibu na choo, ambao wewe na wenzako mliuita ngamia, ni mmoja wa hiyo. Wageni huniuliza kama ni upepo, nami husema ni upepo.

Sasa sikiliza, mwanangu.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, ulikuwa umetoka chuo cha mifugo na cheti chako kwenye bahasha ya plastiki. Umeomba kazi sehemu nne. Siku moja uliniachia simu ichaji kwenye sola, ukaenda kuwachanja kuku wa jirani. Ikaita. Nilipokea nikidhani ni wewe umeazima simu ya mtu. Alikuwa mwanaume, mstaarabu. Akasema anamtafuta Velonika, mtaalamu wa mifugo, kwamba nafasi imepatikana na aripoti wiki inayofuata. Nikamuuliza ni wapi. Akasema Usangu.

Nikamwambia umeshapata kazi kwingine.

Akasema, "Sawa mzee, mpe hongera sana." Nikaifuta ile namba. Nilikuwa na haraka mpaka nikabonyeza vibaya mara mbili, ikabidi nivae miwani.

Ulirudi na yai mkononi, zawadi uliyopewa na jirani, ukaniuliza kama kuna aliyepiga. Nikasema hakuna.

Mwaka mzima, Velonika. Nilikuona ukiitazama simu ile kila jioni, ukipanda hadi kwenye jiwe la nyuma kutafuta mtandao. Nilikuona ukianza kuvaa gambuti za kazini kwenda nazo kila mahali kwa kuwa hukuwa na pengine pa kuzivalia. Siku moja tunachambua maharage ukasema, taratibu tu, bila kulalamika, "Labda mimi sina bahati, baba." Nami nikakujibu, "Mungu ana mpango wake." Nilimsingizia Mungu, mbele ya sinia la maharage. Padre alipokuja kigangoni Pasaka nikaungama. Akaniambia kwa upole, "Mwambie mtoto." Nikasema ndiyo, padre. Ni miezi minne sasa.

Ningeweza kusema ilikuwa ni hofu ya malaria, na hofu ilikuwepo. Nilisikia neno Usangu nikaisikia sauti ya Festo ikitetemeka. Lakini si hofu peke yake. Nilipenda kuwa na wewe hapa. Nilipenda kusikia mlango wako ukifunguliwa asubuhi na wewe ukimsalimia Pendo kabla hujamsalimia mtu. Ndama wake alipokaa vibaya tumboni ni wewe uliyeingiza mkono, mimi nimeshika taa tu, na nikafikiri, huyu akiondoka nitabaki na nani. Ni jambo baya kumfikiria mtoto hivyo halafu kumwacha aamini kwamba hana bahati.

Mwaka huu wakapiga tena, na simu ilikuwa mkononi mwako. Ulimnyanyua mama yako mpaka kandambili moja ikadondoka. Mimi nikasema naenda kuangalia zizi. Ulinifuata, ukaniona nafuta macho, ukanikumbatia ukisema, "Baba, usilie, si nitakuja Krismasi." Ulidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwepo, hiyo nayo nisiikane.

Sina mausia ya kukupa. Mtu yuleyule aliyewahi mno ndiye aliyechelewa mno, atakufundisha nini kuhusu wakati? Nakuomba hili tu, kwa kuwa linahusu kazi yako. Utakuwa na wafugaji wengi kule, wenye ng'ombe mia na wenye ng'ombe mmoja. Akikupigia huyo wa mmoja ukiwa katikati ya shughuli, usimwambie una kazi. Muulize kwanza ng'ombe amesimama au amelala. Na Mama Kulwa bado yupo, nasikia amezeeka. Nenda kamsalimie, umwambie wewe ni nani. Shukrani zangu usimpelekee, hizo nitazipeleka mwenyewe.

Mimi nitakupigia. Najijua. Nikisikia mafua kidogo tu kwenye sauti yako nitakuambia urudi nyumbani, nitakutajia mbu, nyoka, mafuriko na chochote nitakachokikumbuka. Unisikilize halafu uamue wewe. Lakini siku ukisema wewe mwenyewe, "Baba, naumwa, njoo," nitapanda basi siku hiyohiyo. Parachichi ziungue tu.

Leo mchana nilimpigia Festo. Iliita mara mbili nikakata. Kesho nikishakusindikiza nitapiga tena, na nitaiacha iite.

Sasa jua limeshuka upande wa mashamba ya chai. Anga ni jeupe, na sipendi weupe wake. Hata hivyo nimeteremka bustanini nikaondoa kofia tano. Majani ni mazuri, Velonika, yana vichipukizi vyekundu vidogo kileleni. Nilipofika kwenye mche wa sita mikono ikakataa. Nikiwa nimesimama pale, jirani yuleyule wa ng'ambo akapita, sasa anatembelea fimbo. Nikamuuliza, kwa heshima kabisa, miaka yote hii yeye anajuaje siku ya kufunua.

Akanishangaa. "Mimi nijue wapi? Mimi nafunua nikichoka kuangalia nyasi. Mwaka mwingine inakufa, mwaka mwingine inapona." Akaenda zake. Na mimi kumbe miaka kumi na miwili nilikuwa naamini kwamba yeye alijua.

Barua hii nilipanga niikunje niifiche ndani ya gambuti zako, uikute Usangu, mahali ambapo huwezi kunitazama. Nimeshaikunja hata. Halafu nikaona ni kulekule kutopanda basi kwenda kumwona Festo. Nimeikunjua, ndiyo maana ina mistari katikati.

Nawasikia mnapandisha. Mama yako anacheka, na kuna kitu kinagongana, nadhani ni sufuria ya tatu kutoka kwa shangazi yako. Nitakupa mkononi sasa hivi, hata kabla hujakaa. Kaisome chumbani kwako, ufunge mlango. Mimi nitakuwa bustanini. Ukitaka kuja kuniuliza, au kunisema, au kupiga kelele mpaka ng'ambo wasikie, njoo. Mche wa sita bado umefunikwa, tutaufunua wote. Usipokuja, nitaufunua peke yangu, na kesho nitakubebea begi mpaka stendi kama nilivyokuahidi, hata kama njia nzima hutasema neno.

Baba yenu